Dawa Iliyopata Joto

Mnaniuliza maneno ya kijiwe cha Tabitha kana kwamba mimi sina maharagwe ya kuchambua. Haya, nitasema mara moja, na asiyesikia asiniite tena. Kijiwe kiko Kitengela, nyuma ya soko la mbuzi: benchi moja iliyovunjika mgongo na birika la kahawa. Asubuhi hiyo Lesiamon, anayeitwa Sindano kwa kuwa ndiye mchanjaji wa ofisi ya mifugo, alishika kikombe bila kunywa. Ng'ombe aliowachanja Kisaju walikuwa wanakufa na olkipiei, ule ugonjwa wa mapafu, na yeye alijua kwa nini. Stima ilipotea wikendi nzima, friji ikazimika, dawa ikapata joto. Alienda hadi mlango wa mkubwa, akasikia mwenzake akifokewa ndani, akarudi na miguu yake.

— Shida ya ile ofisi ni ukali haujatosha, alisema Njuguna, fundi wa mageti anayeitwa Profesa. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mbichi gani? akauliza Obura makanika, yule wanamwita Giaboksi. Wale karibu wastaafu! Na huyo mkubwa anafoka mpaka kuku wa jirani wameacha kutaga. Yeye husemaje, Sindano?

— "Asiye na suluhisho asiniletee shida," Lesiamon akajibu polepole.

— Umeona! Sasa shida inaenda wapi? Inalala huko kwa friji.

Lesiamon akaweka kikombe chini, bado kimejaa.

— Mama Rahab, mkubwa wa kabla yake, hakuwa hivyo, Tabitha akasema akimimina. Wakati wake, kila Jumatatu aliwaketisha wote, hata dereva na soja wa geti, anauliza wiki iliyopita nani amekosea. Na alianza na makosa yake mwenyewe. Chai ilitoka hapa kwangu.

— Hilo ni kanisa, si serikali! Mkubwa akitubu mbele ya soja, nani atamwogopa? Kikulacho ki nguoni mwako, Tabitha, ndio maana bosi huvaa suti nzito.

— Wacha ujinga, Profesa. Dawa iliwahi kuharibika, dereva akasema ukweli, wakatafuta jenereta.

— Iko wapi?

— Ilikufa. Nani atamwambia huyu wa sasa?

— Mimi ningeweka wakubwa wawili, akasema Giaboksi. Mmoja wa kufoka asubuhi, mwingine wa kubembeleza jioni. Hata gari iko na gia ya nyuma.

— Mimi ningewarudisha wote darasa la kwanza, na kaptula! akadakia Profesa.

Walikuwa bado wanacheka Nailantei alipofika, mjane wa Kisaju, shuka yake imejaa vumbi.

— Takwenya, yeyo, Lesiamon akamsalimu bila kuinua macho.

— Iko, akaitikia. Natoka kufukia ng'ombe. Wangu wamekwisha. Kesho mnaenda boma ya shemeji yangu na hiyo dawa. Niambieni kitu kimoja tu: awatoe ng'ombe wake ama awafungie?

Tabitha akatikisa birika, lilikuwa tupu.

— Awafungie, akasema Lesiamon. Hiyo dawa imekufa, yeyo. Nilijua hata nilipokuwa nikichanja wako.

Mama akamtazama vile mtu hutazama ng'ombe mgonjwa sokoni. Akageuka, akaenda kumwambia shemeji.

Mkubwa naye aliitisha mkutano, akafokea watu wanaotoa siri za ofisi nje, halafu akahamishiwa Rongai. Walimkatia keki. Tangu siku hiyo hakuna anayefungua mdomo pale; hilo ndilo somo ambalo ofisi ilishika. Lesiamon alifutwa kazi. Wazee wa Kisaju nao walikaa, wakaamua Nailantei alipwe ng'ombe, naye akaja kwa zizi la Lesiamon kujichagulia. Alichukua mitamba yote, na yule mmoja aliyekuwa na ndama tumboni, na Lesiamon mwenyewe akafungua lango, akawasukuma nje na fimbo yake.