Changarawe Mlangoni kwa Adelard

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Sogeeni karibu na redio zenu, na kama jirani hana redio, mwiteni. Leo tunamkumbuka Adelard Rwegoshora wa Temeke, mpimaji wa udongo. Alifariki wiki mbili zilizopita akiwa na miaka arobaini na minne. Hakuwa na cheo kikubwa. Hakuwahi kupigwa picha gazetini. Lakini mwaka 1951 alifanya jambo moja ambalo watu wa kilima fulani cha Bukoba hawajalisahau, nasi tunaomba mlisikie.

Jambo lenyewe lilianza kwa hodi.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto. Adelard alikuwa ametoka kazini, anakunywa chai na mkewe Demetria. Nje akasikia sauti ya jirani yake, Kondo, Mzaramo mwenye kazi ya kupakua mizigo bandarini.

“We mpepeta mchanga! Toka nje! Nimekuokotea shangazi yako stesheni, kanimalizia Kiswahili changu chote!”

Kondo alimwita hivyo kila siku. Alikuwa akisema, “Bibi yangu anapepeta mpunga bure, na Mhaya huyu anapepeta mchanga analipwa.” Adelard hakukasirika hata mara moja.

Akatoka. Mlangoni alisimama mama wa makamo asiyemjua, miguu mitupu, furushi kichwani. Jina lake Kokushubila. Alikuwa amepanda meli ya ziwani mpaka Mwanza, na kutoka Mwanza gari moshi mpaka Dar es Salaam. Kisha akauliza watu njia nzima: yuko wapi Mhaya anayepima udongo?

“Shikamoo, mama. Karibu ndani.”

Mama hakuingia. Alikuwa anaangalia chini. Wasikilizaji, Temeke ni mchanga mtupu, na masika yakija mlango wa Adelard ulikuwa tope. Kwa hiyo alikuwa amemwaga changarawe hapo, nyekundu, za mviringo, kubwa kama maharage. Mama akatua furushi, akainama, akachota ukufi mmoja, akazisugua kwa kidole gumba.

“Hizi ni za kwetu,” akasema kwa Kihaya. “Zimefikaje hapa?”

Adelard akacheka. “Mama, changarawe zote si ni changarawe?”

“Mwanangu, mie nimelima juu ya hizi miaka thelathini. Zimenimalizia majembe manne. Usinifundishe.”

Adelard akaacha kucheka.

Hapa tueleze kidogo kazi yake. Makopo ya udongo yalikuja ofisini kwao, idara ya kilimo ya serikali, kutoka kila pembe ya nchi. Adelard alianika udongo, akaupondaponda, akauchekecha. Unga uliopita kwenye chekeche ulikwenda kwa wataalamu wakautazame una rutuba gani. Mawe yaliyobaki juu yalitakiwa kupimwa kwenye mizani, uzito wake uandikwe katika safu ya mawe kwenye karatasi, ndipo yatupwe. Adelard aliona uchungu kuyatupa. Akaomba ruhusa, akawa anayabeba kwa mfuko mpaka nyumbani, kuzibia tope la mlangoni. Kwa hiyo mama alisema kweli. Zilikuwa changarawe za kwao.

Mama akafungua furushi. Ndani mlikuwa na bonge la udongo lililofungwa kwa majani makavu ya mgomba, na karatasi ya serikali iliyokunjwa mara nne.

“Katekista ametusomea,” akasema. “Inasema udongo wa rweya yetu ni mzuri kwa kahawa. Jina lililoandikwa chini ni lako. Nimekuja kuona mtu aliyesema hivyo.”

Wasikilizaji wapendwa, rweya ndiyo nyika ya majani ya vilimani kule Bukoba. Si shamba la migomba. Migomba iko karibu na nyumba, kwenye udongo uliolishwa samadi na wazee wa wazee. Rweya iko juu, kwenye upepo. Udongo wake ni mweusi juu, lakini mweusi huo ni mwembamba, hauzidi urefu wa kidole, na unashikwa na mizizi ya majani tu. Chini yake ni changarawe. Chini ya changarawe ni mwamba. Mvua ikinyesha, maji yanapita kama yanayomiminwa kapuni. Siku ya pili jua likiwaka, umekauka. Ukiukwatua wote kwa pamoja, mvua moja kubwa inaubeba ule weusi mpaka bondeni.

Lakini rweya si udongo wa bure. Inatoa majani ya kuezekea nyumba na ya kufunika mizizi ya migomba. Na wanawake wanajua namna yake. Wanachagua kipande kidogo, wanachoma majani chini ya mabonge, majivu yanaingia udongoni, wanapanda njugu mawe. Wakishavuna mara moja, wanakiacha kipumzike miaka mingi. Njugu za rweya ni za wanawake. Mwanaume hawapangii.

“Wazee wa ukoo wameisikia karatasi yako,” mama akaendelea. “Jumapili ya wiki ijayo wanaume watagawana kilima chote wapande kahawa. Kahawa itakauka, sie tunajua. Na sisi tutakuwa hatuna pa kupanda njugu. Nimewaambia. Wamesema, mwanamke atabishana na serikali?”

Adelard akaomba beseni. Pale pale mlangoni, mbele ya Demetria na Kondo, akalivunja lile bonge, akaupima udongo kwa kikombe, vikombe kumi. Kisha akauosha na kuuchekecha kwa chekeche la unga la mkewe. Demetria alituambia, “Nililipigia kelele chekeche langu, lakini hakunisikia. Alikuwa anahesabu.”

Katika vikombe kumi, sita vilikuwa changarawe. Sita katika kumi.

Akaichukua ile karatasi. Akatafuta safu ya mawe. Ilikuwa tupu. Mwezi ulipoletwa udongo wa kilima kile, alikuwa na makopo mia tatu, akajiambia uzito wa mawe ataujaza baadaye, halafu akasahau. Mtaalamu alipoona patupu, alidhani mawe hayapo. Unga uliochekechwa ulikuwa mzuri kweli, mweusi, wenye rutuba. Basi walikisifu kilima kizima kwa sababu ya vikombe vinne katika kumi.

“Mama,” Adelard akasema, “waliokosea si wataalamu. Ni mimi. Ijumaa gari moshi likiondoka, utakuwa na karatasi ya haki mkononi. Nakuahidi.”

Alipotafsiriwa, Kondo akapiga mluzi. “Mhaya amekiri kosa! Mvua haikatiki leo.”

Wasikilizaji, ahadi ilikuwa ndogo. Karatasi moja tu. Lakini Jumatatu iliyofuata, kamati ya idara ilikuwa inachagua karani mmoja kati ya wapimaji wa kwenda Uganda kusoma mwaka mzima, arudi akiwa mtaalamu msaidizi. Ofisi nzima ilijua ni Adelard. Demetria alikuwa ameshamshonea shati.

Jumatano asubuhi akaenda kwa bwana mkubwa wake, Mwingereza mmoja mpole, akamweleza yote. Bwana akamwambia avute subira. Wiki moja tu. Kamati ikishakaa, watairekebisha karatasi kimyakimya na kuituma kwa posta.

Posta ingefika kilima kikiwa kimeshagawanywa. Adelard alilijua hilo.

“Nilimsihi,” Demetria alituambia, na hakuficha. “Nilimwambia, baba, mama huyu hata si ndugu yetu. Akanijibu, ‘Demetria, nikienda Uganda nitafundishwa nini? Si kupima mawe?’ Nikakasirika. Halafu nikacheka.”

Alhamisi akapima upya. Akaandika. Bwana mkubwa akatia sahihi, akamwambia kwa upole kwamba barua ya kosa lake itaingia kwenye faili, na kamati italisoma faili. Kamati ililisoma. Jumatatu alichaguliwa Albano, mwenzake wa meza ya pili. Adelard alimbebea sanduku mpaka stesheni, na lile shati jipya akampa.

Alibaki kwenye kazi ile ile, cheo kile kile, mpaka homa ya mapafu ilipomlaza mwaka huu. Kila karani mpya alipokelewa naye kwa maneno haya: “Mawe kwanza kwenye mizani. Unga utakusubiri.” Binti yake Benedicta anasema, “Baba hakuwahi kuhuzunikia Uganda. Alikuwa akituuliza mezani, nani anajua rweya ina mawe mangapi? Sote tunaitikia: sita katika kumi! Ndiyo hesabu ya kwanza niliyoijua.” Na kilima kile, wasikilizaji, hakikulimwa. Majani yake yapo. Wanawake wanapanda njugu mpaka leo.

Tunawapa pole Mama Demetria, Benedicta na wadogo zake, na jirani Kondo, ambaye siku ya mazishi alikataa mtu mwingine kushika jembe. Mungu awape nguvu. Nasi tuliobaki, kila mmoja katika kazi yake anayo safu aliyoiacha tupu. Tuitafute tukiwa bado tunaweza kuijaza.

Kabla hatujaagana, twendeni nanyi stesheni, Ijumaa ile ya mwaka 1951.

Gari moshi limejaa. Kokushubila ameketi dirishani. Adelard anafika mbio, jasho linamtoka, karatasi mkononi. Mama hajui kusoma, kwa hiyo anamsomea kwa Kihaya, neno kwa neno, katikati ya kelele za wasafiri. Udongo ni wa kina kifupi. Changarawe ni sita katika kumi. Haufai kahawa. Unafaa majani, na njugu kwa vipande vidogo vyenye kupumzishwa. Mwisho anasoma: safu ya mawe iliachwa tupu kwa kosa langu, A. Rwegoshora.

“Hayo ya mwisho,” mama anauliza, “lazima yawemo?”

“Yasipokuwemo, mama, wazee watauliza kwa nini serikali ina maneno mawili.”

Mama anaikunja karatasi, anaifunga kwenye pindo la kanga, anakaza fundo kwa meno. Filimbi inalia. Adelard anasimama mpaka behewa la mwisho limepita, kisha anageuka kurudi kazini. Kuna makopo arobaini yanamngoja.