Boniface Kisilu Ndambuki, Mgeni wa Sebule Yake

Marehemu Boniface Kisilu Ndambuki alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Ndalani, Yatta, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ndambuki Maluki na Mama Mbithe. Ndalani ni mahali pa joto. Hakuna aliyemfundisha kuogopa baridi.

Alisoma shule ya msingi papo hapo kijijini, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1980, na akamaliza kidato cha nne mwaka 1984. Walimu walimsifu kwa utiifu. Akiambiwa akae, alikaa. Sifa hiyo haikumfaa baadaye, kwa kuwa hakuambiwa tena.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha blanketi mjini Thika. Alipanga chumba mtaani Kiandutu, akawa anaenda kazini kwa miguu, na kwa miaka thelathini na mitatu alifuma mablanketi yaliyofunika watu asiowajua. Alipostaafu, Juni 2021, wenzake walimpa moja: la kijivu, zito, lenye pindo jekundu. Alilibeba begani hadi nyumbani Mwihoko, Ruiru, alikokuwa amehamia, kama mtu aliyeshinda kombe.

Alifunga ndoa na Dianah tarehe 11 Desemba 1993, wakajaliwa binti mmoja, Rachael. Dianah alipenda nyumba. Kila Juni simu yake ilimwonyesha namna ya kuandaa sebule kwa msimu wa baridi, naye akatii: pazia nzito mbili mbili, zulia la manyoya, mito minane, taa za rangi ya asali, mishumaa yenye harufu ya mdalasini. Ruiru haijawahi kuona theluji, lakini ikija, sebule iko tayari. Lile blanketi la kijivu lilikunjwa mara tatu, likalazwa kwenye mkono wa sofa kama lililoanguka hapo lenyewe. Kuliangusha hivyo kulichukua nusu saa.

"Baba Rachael, inuka. Hapo ni pa wageni."

"Blanketi si ni langu, Mama Rachael? Wacha nijifunike kidogo."

"Na mkunjo je? Ukilifungua, utalirudisha vile lilikuwa?"

Basi alirudi jikoni kwenye kiti chake cha plastiki. Mlango wa nyuma ulikuwa lazima ukae wazi, harufu ya mboga ya sukuma isije ikashika pazia.

Hakuwa mtu wa ugomvi. Jumapili moja ya Julai mwaka jana alivaa koti, akatoka getini, akanunua mkate na sukari, akarudi akabisha.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu… Ai! Si ni wewe?"

"Mimi ni mgeni, mama. Nimetoka mbali."

Rachael alicheka hadi akashika ukuta, ikabidi mgeni apewe kiti, na chai kwa kikombe cha maua. Alipoimaliza, Dianah akamuuliza, "Mgeni, si urudi kabla baridi haijazidi?"

Alikuja hivyo mara tatu. Mara ya nne alibisha, hakufunguliwa. Mito ilikuwa imetoka kufuliwa. Mkate ule alikula na jirani yake Njau, wamesimama getini.

Mapema Julai mwaka huu alianza kukohoa. Tarehe 18 alilazwa Thika kwa homa ya mapafu. Daktari alimuuliza, "Mzee, kwani unalala nje?"

"Hapana, daktari. Kulala nalala ndani. Ni kukaa ndiko nakaa nje."

Daktari aliandika kwamba mgonjwa amechanganyikiwa. Mgonjwa huyo alifariki Jumanne, tarehe 22 Julai 2025, saa nne asubuhi.

Jana alipitishwa nyumbani. Zulia lilikunjwa, sofa likasukumwa ukutani, akawekwa katikati ya sebule, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia ainuke. Dada yake, Kalondu, alilichukua lile blanketi, akalikung'uta mkunjo wote ukatoka, akalitandaza juu ya jeneza. Dianah alikuwa akilia. Akasogea, bado analia, akavuta pindo la kushoto hadi likalingana na la kulia.

Ameacha mjane, Dianah, binti, Rachael, dada, Kalondu, na sofa la viti saba ambalo bado ni jipya.

Apumzike kwa amani. Na huko anakokwenda, akikuta kiti, aketi tu. Asingoje kukaribishwa.