Mkuba wa Nakaloke: Maisha ya Mzee Sebit Adrisi, 1946–2018

Sheikh wetu, wazee wa ukoo, Bwana mwenyekiti wa mtaa, ndugu wa Masese mliosafiri tangu alfajiri, wanamuziki mliokuja na vyombo vyenu ingawa hamkuambiwa, asalaam aleikum, na ninyi wa dini nyingine poleni na karibuni. Familia imeomba historia hii isomwe taratibu bila kufupishwa, kwa sababu marehemu mwenyewe alichukia wimbo unaokatwa kabla tarumbeta haijaingia, na kwa sababu tangu asubuhi wapo wanaonong'ona kwa nini Mnubi wa Jinja amewaita watu Nakaloke, nao tunawaomba wavute subira kidogo, jibu lao limo humu humu.

Marehemu Mzee Sebit Adrisi alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 huko Masese, Jinja, mtoto wa nne wa marehemu Adrisi Morjan, aliyekuwa mpiga buruji jeshini enzi za Waingereza, na marehemu Mama Zamzam, katika nyumba iliyonuka samaki nje na ubani ndani. Wazazi wake walikuwa Wanubi, watu ambao mababu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari, wakaoa hapa, wakazaa hapa, wakafa hapa, na bado hadi leo mtu yeyote akiamka vibaya anaweza kuwauliza kwao ni wapi. Swali hilo Mzee Sebit aliulizwa tangu utotoni, na ingawa wengi mnamjua kama mtu aliyetafuta sifa kwa tarumbeta, ukweli ni kwamba kuliko sifa zote alitaka siku moja aulizwe kwao ni wapi, naye ajibu bila kushusha macho.

Alianza madrasa mwaka 1951 na shule ya msingi mwaka 1954, akamaliza darasa la saba mwaka 1960 akiwa na alama za kutosha kumfurahisha mama yake na zisizotosha kumpeleka sekondari. Elimu yake ya kweli aliipata uani, ambako baba yake alimfundisha kupiga buruji, akaiva upesi mno, kiasi kwamba alasiri moja alipiga mlio wa kuamsha kambi, na wastaafu wa mtaa mzima wakaruka vitandani kutafuta viatu, akachapwa, kisha baba yake akaenda nyuma ya nyumba kucheka peke yake.

Mwaka 1963 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini Jinja, idara ya rangi, na huko akakutana na Bogere, Msoga wa Wanyange, mpiga gitaa la besi, rafiki aliyekuwa naye hadi juzi. Jioni walikaa katika hoteli ya chai wakisikiliza santuri zilizotoka Kuba, wakazikariri mlio kwa mlio, maneno wasiyoyaelewa wakayaimba kwa moyo wote, na mwaka 1966 wakaanzisha bendi waliyoiita Orkesta Habana Nailo. Zamani hizo vyombo vilikuwa mali ya mwenye baa, mwanamuziki alikuwa na mdomo wake tu, na mwenye baa wao, Bwana Cleophas, Mungu amrehemu, alikuwa na akili nyingi kuliko haya. Aliona kwamba Wasoga na Wanubi hawataweza kujaza ukumbi Mbale, lakini Wakuba wangeujaza hadi madirishani, basi akabandika matangazo mji mzima kuwa Wakuba halisi wameshuka Mombasa kwa meli, akawashonea vijana wake mashati yenye mikono ya marinda, na akawaonya kwamba ndani ya Mbale asisikike mtu akisema Kiswahili, mwenye njaa aonyeshe kwa kidole.

Tarehe 7 Septemba 1968, siku ya Jumamosi, Wakuba hao waliingia Mbale wakiwa mabubu, na wangetoka salama kama si adhana ya magharibi, kwani Sebit aliposikia akaweka tarumbeta chini, akatawadha, akajipanga msikitini safu ya pili na marinda yake yote. Aliyekuwa bega kwa bega naye alikuwa Mzee Siraje Gidudu, mfanyabiashara wa vitunguu wa hapa Nakaloke, ambaye maishani hakuwahi kumwona Mkuba, sembuse Mkuba Mwislamu, akamshika mkono kwa furaha na kumleta nyumbani hapa hapa ale kabla ya dansi. Sebit alikula kimya, akatabasamu kila aliposemeshwa, akaweka mkono kifuani kila aliposhukuru, na mambo yalikwenda vizuri hadi binti wa nyumba, Mariat Nambozo, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tisa, alipoinama kuondoa bakuli la malewa, yale machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa karanga. Wote waliokuwepo walikubaliana kuhusu maneno yaliyomtoka Mkuba, aliyesema kwa Kiswahili safi cha Masese, "Dada, wacha kwanza, malewa bado iko chini." Mzee Siraje alibaki na tonge hewani, mkewe akafunika uso kwa leso, na Mariat akatoka nje akakaa kizingitini akicheka hadi machozi, na Mzee Sebit alituambia mara nyingi kwamba aliona aibu kubwa kuliko zote maishani mwake, na papo hapo, akisikiliza kicheko kile, akajua hatapenda mwanamke mwingine.

Januari 1969 alituma wazee kuposa, wakarudi mikono mitupu, kwa sababu Mzee Siraje alisema kwamba kijana anaswali, sawa, anafanya kazi, sawa, na uwongo wa Wakuba ameusamehe kwa vile yeye mwenyewe aliumeza, "lakini makaburi ya babu yake iko wapi?" Wazee walijibu ukweli, kwamba babu mmoja amelala Bombo, mwingine Mumias, na kaka wa baba yake aliachwa vitani Burma, naye Mzee Siraje akatikisa kichwa, akasema mtu ambaye wafu wake wametawanyika hivyo hana mahali pa kumweka mke, na binti yake akililia huko kusikojulikana nani atamsikia. Sebit hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwani alitafuta jibu ndani yake wiki nzima, asilipate.

Mwaka 1970 yeye na Bogere walihamia Nairobi, wakiishi wageni kati ya wageni, Wakongo, Watanzania na wengineo, wote wakiukimbilia umaarufu kwa miguu, na huko akanunua tarumbeta yake mwenyewe na kurekodi wimbo aliouita kwa jina la yule binti, Nambozo. Wimbo ulipigwa redioni mwaka mzima, wachumba wakamwogopa Mariat, nani aoe mwanamke ambaye hata konda wa basi anamwimba, na Mzee Siraje akawa hawezi kunywa chai popote Mbale bila kusikia jina la mwanawe likitoka ukutani. Akakubali kwa shingo upande, nikaha ikafungwa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1973 mjini Mbale, akinamama wa Kinubi wakacheza doluka hadi Wagisu wa upande wa bibi harusi wakaweka mikono viunoni na kujiunga, lakini mzee alimwita mkwe wake pembeni akamwambia, "Mke nimekupa. Udongo, hapana, usiniombe."

Maharusi walihamia Masese, Bogere naye akarudi, bendi ikaendelea, na Mungu akawajalia Shamim tarehe 9 Oktoba 1974 na Adrisi tarehe 2 Juni 1977, na mdogo wao Mastula akaja baadaye, tarehe 30 Machi 1981, hapa Nakaloke. Jinsi familia ilivyofika Nakaloke ndiyo habari tunayotaka vijana waisikie.

Aprili 1979 serikali ya kijeshi ilianguka, na kwa kuwa baadhi ya Wanubi walikuwa jeshini, Wanubi wote wakahesabiwa kuwa wamo, nyumba zao zikaporwa, na watu waliokuwa wakisalimiana nao jana wakawa wanawaonyesha kidole. Bogere aliwaficha Wanyange kwa mama yake, kisha tarehe 24 Aprili akawapakia kwenye lori la samaki, Mama Mariat na watoto mbele, Mzee Sebit chini ya magunia, akafika hapa akinuka vibaya hadi mbwa wakamfuata. Alisimama pale getini akiwa na tarumbeta tu, akamwambia mkwewe kwamba hakuja kuomba udongo, amekuja kuwarudisha mke na watoto mahali salama, yeye ataendelea hadi mpakani. Mzee Siraje alimwita mtu alete maji ya kuoga, na maji mengi.

Mwezi Mei wakaja vijana wenye bunduki, wengine askari, wengine bunduki za kuazima, wakakusanya watu sokoni wakitaka kujua Mnubi yuko wapi. Watu wazima wa Nakaloke walimjua vizuri, na mmoja tu angetosha kummaliza, naye Mzee Sebit alisimulia kwamba alishaanza kutamka shahada moyoni aliposikia sauti ya mkwewe ikisema, "Afande, hapa Mnubi hakuna. Hii ni mkwe yangu, ni Mkuba, hata Kiswahili yeye hapana sikia." Mama muuza ndizi akasema ndiyo, ni Mkuba, fundi baiskeli akasema alimwona siku aliposhuka, na imamu akajikuna ndevu, akasema kwamba matangazo yalibandikwa mji mzima, jambo ambalo kwa hakika lilikuwa kweli. Mkubwa wao akaamuru Mkuba apige Kikuba, na Mzee Sebit, midomo imekauka, akapiga, mwanzo vibaya, kisha wanawake wakampigia makofi, kisha soko zima likaitikia yale maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, mpaka afande akashindwa kujizuia, akamkabidhi Mzee Siraje bunduki amshikie, akaingia uwanjani kucheza. Mzee Siraje aliishika ile bunduki kama mtu aliyebebeshwa mtoto mchanga wa jirani, na walipoondoka akaketi chini, asiinuke hadi alasiri.

Kwa miaka saba Nakaloke nzima ilimwita Kubano, wakubwa kwa watoto, na hakuna hata mmoja aliyemsaliti, wala mlevi, wala mwenye kesi naye, wala mtoto aliyenyimwa mua. Alishika jembe kwa mara ya kwanza, vitunguu vyake mwaka wa kwanza vilikuwa vidogo kama kifungo cha shati, wakamcheka, wakamfundisha. Mwaka 1982 Bogere alimpelekea ujumbe kwamba Nairobi wanamtaka arekodi santuri nzima, na pale ndipo umaarufu aliouota ulipomjia wenyewe na kubisha hodi, naye akajibu kwamba mtu aliyefichwa na mji mzima haondoki kwa siri, na aliposikia redioni tarumbeta ya mtu mwingine katika nafasi yake alisikiliza hadi mwisho, akasema kijana yule ana pumzi nzuri, akaenda kupalilia.

Amani iliporudi alikwenda Masese mwaka 1987, akakuta nyumba ya baba yake haina bati wala mlango, akaijenga upya kufikia 1991, na kaka zake waliorudi kutoka Sudan walikokimbilia wakaishi humo, lakini yeye alirudi kwa vitunguu vyake. Mjini Mbale alianzisha kikundi cha vijana wa tarumbeta, na mwaka 1988, msimu wa kutahiri, aliingiza tarumbeta kati ya ngoma za kadodi, wazee wakanuna, vijana wakachizika, na tangu hapo hakuna msimu uliopita bila Mkuba.

Mwaka 1994, mwezi mmoja kabla ya kufariki, Mzee Siraje aliwapeleka wanawe kwenye uwanja wa makaburi ya ukoo, akaonyesha kwa fimbo, hapa mimi, hapa mama yenu, na hapa Kubano. Tuseme ukweli, kwani wote mnaujua, mtoto wake mkubwa, ambaye leo tunamwita Mjomba Gidudu, alipinga mbele ya watu, akasema mkwe hazikwi kwa wakwe, haijapata kuonekana Bugisu yote, na eneo lenyewe ni dogo, na kwa miaka ishirini na minne yeye na marehemu walisalimiana kwa adabu, wakala pamoja sikukuu zote, bila kuligusa jambo hilo. Mzee Sebit hakulidai, aliwaambia watoto kwamba akifa wampeleke makaburi ya Waislamu Jinja, wasigombane na wajomba zao, na alipokuwa akisema hivyo alishusha macho.

Mwaka 2016 aligundulika kuwa na kisukari, na Septemba mwaka huu figo zikadhoofika, akalazwa Mbale, ambako daktari mgeni, safari hii Mkuba wa kweli, alisikia kwamba kuna mwenzake wodini, akaja mbio akimwaga Kispanyola, Mzee akamjibu kwa viitikio vyote alivyovijua, na daktari akacheka, kisha akaimba naye, kisha akafuta macho. Alirudishwa nyumbani kwa ombi lake, akafariki kwa utulivu jana, Jumatano tarehe 7 Novemba 2018, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake mkononi mwa mkewe, na ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba, mmoja kati yao, ole wetu, anajifunza tarumbeta.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, yule mgeni pamoja nao, Mzee Bogere aliyelala hospitalini kwenye mkeka kwa umri wake ule, wanabendi, ndugu wa Masese, na majirani wa Nakaloke kwa chakula, kwa maji, na kwa uwongo mliousema kwa pamoja, ambao tunaamini Mwenyezi Mungu ameushika vizuri. Mwisho tunamshukuru Mjomba Gidudu, ambaye jana baada ya swala watoto walimwendea kumwambia kwamba wanatafuta gari la kupeleka mwili Jinja, wakakuta hayupo nyumbani, wakamfuata kwa sauti ya jembe, wakamkuta katika uwanja wa ukoo, na miaka yake sabini na mitano, yumo ndani ya kaburi hadi magotini, ubavuni mwa baba yake, akasema bila kuinua kichwa, "Mulikuwa munamupeleka wapi? Kwao si hapa?" Mama Mariat alipoambiwa alikuja mwenyewe, akakagua, akapima kwa macho upande wa kushoto, akawaagiza vijana nafasi ile wasiikanyage.

Mzee wetu, umeulizwa mara ya mwisho, na umejibiwa. Pumzika kwa amani, hapa hapa kwenu.