Bi Mlango Anaziacha Oveni Zetu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Mkuu wa Jiko la studio atavua aproni yake ya buluu, ataitundika kwenye msumari wake nyuma ya friji kubwa, na kuhitimisha miaka ishirini na mmoja ya utumishi katika shindano letu la waokaji wa nyumbani. Watazamaji hawamjui kwa sura, kwa sababu kila kamera ilipogeukia upande wake alijibanza nyuma ya magunia ya unga. Sisi tuliofanya kazi naye tunamjua kwa jina la Bi Mlango, na hakuna mtu katika jengo hili, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, ambaye hajawahi kufokewa naye, na kwa haki.

Kwa kawaida mstaafu huagwa akapumzike. Huyu msimtakie mapumziko, atawashangaa. Jumatatu inayofuata, tarehe 3 Julai, atarudi hapa hapa na bakuli lake la nyumbani kwapani, atapanga foleni kwenye mlango wa mbele pamoja na waokaji wengine, na kungoja zamu yake ya mchujo. Amekusudia kushindana. Ndilo lililomleta hapa mara ya kwanza, na hajalimaliza.

Wafanyakazi wapya hudhani alizaliwa kwenye sinki letu. Sivyo. Msimu wa kwanza kabisa alikuja kama mshiriki, mama wa watoto watatu aliyejifunza kuoka kwa kuharibu. Alioka keki nyepesi ya mayai, ile isiyo na pa kujificha, kwa maana haina matunda wala krimu ya kufunika aibu. Keki ilikuwa imeanza kuumuka vizuri. Mtu mmoja wa kamera, katika kutafuta picha nzuri, akafungua mlango wa oveni na kuuacha wazi hadi aliporidhika. Upepo wa kiyoyozi ukaingia. Keki ikabonyea katikati kama mto uliolaliwa. Majaji waliyaona matokeo, hawakukiona kisa, wakamwambia ahsante, aende nyumbani.

Hakwenda. Wenzake waliotolewa walikuwa wakifutana machozi kwenye ukumbi, yeye akaiona meza yake imejaa vyombo vichafu, akaona haya kuiacha hivyo. Akakunja mikono ya gauni, akaosha vyake, kisha vya jirani, kisha vya studio nzima. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimkabidhi dodoki siku ile ile, na kesho yake akaja tena, safari hii kwa mshahara. Katika mkataba wake kulikuwa na sharti ambalo bado lipo kwetu sote: mfanyakazi wa kipindi hashiriki shindano. Aliliweka moyoni, akatia sahihi, akajikaza kisabuni.

Kutoka sinki alipanda hadi kupima unga na sukari za washiriki, kutoka hapo akapewa oveni zote kumi na mbili, na hatimaye jiko zima. Ukubwa wa cheo haukumbadilisha. Hata mwezi uliopita nilimkuta amepiga magoti, kichwa kiko ndani ya oveni ya saba, miguu iko nje, akiisema kwa sauti ya chini kama mama anayemuonya mtoto kabla wageni hawajafika.

Mimi ni fundi sauti. Kazi yangu ni kusikia kila kitu na kusema kidogo, ingawa leo nimeruhusiwa kusema kingi. Bi Mlango ndiye aliyenifundisha kwamba mkate mzuri ukitoka motoni hulia. Aliniamuru nisogeze kipaza sauti karibu na ganda la mkate uliokuwa ukipoa, nikavaa vipokea sauti, nikasikia ganda likitatarika taratibu, tititi, tititi. Sauti hiyo imekuwa ikifungua kipindi chetu tangu wakati huo. Watu hudhani ni mvua. Sijawahi kuwasahihisha, na yeye hajawahi kudai sifa.

Desturi yake kubwa ni ile ya Jumatatu ya kabla ya msimu. Hukoroga rojo moja ya keki katika beseni moja, huigawa kwa mizani katika trei kumi na mbili, na kila oveni hupewa trei yake, rafu ile ile, moto ule ule. Zikiiva, hukatwa katikati na kupangwa kwenye meza ndefu. Iliyo chini kuliko wenzake, iliyoungua ukingo, iliyopanda upande mmoja, oveni yake huitiwa fundi, na msimu hauanzi mpaka keki zote kumi na mbili zifanane. Mwaka mmoja watu wa matangazo walilalamika kwamba tunachelewa. Aliwakatia kila mmoja vipande viwili kutoka oveni mbili tofauti, akawauliza wangependa mke au mume wao ahukumiwe kwa kipande kipi. Tulianza baada ya siku tatu, na hakuna aliyelalamika tena.

Keki hizo za majaribio, bila shaka, tulizila sisi. Fundi taa wetu aliajiriwa akiwa mwembamba, mtazameni leo. Na jaji mkuu, yule mkali ambaye kwenye televisheni humega kipande kidogo kama anayeonja dawa, ana kiti chake nyuma ya sinki ambako kwa miaka yote hiyo amekuwa akiletewa kona za keki zilizobaki. Siri hiyo naitoa leo kwa sababu anayeitunza anaondoka.

Lakini jina la Bi Mlango halikutoka kwenye keki za majaribio. Lilitoka kwenye nusu fainali ya msimu wa tisa.

Katika msimu huo tulikuwa na dereva wa lori tuliyemwita Baba Pacha, mtu mwenye viganja kama sahani na mkono mwepesi ajabu kwenye unga. Mapacha wake walikuwa wamekaa safu ya mbele, wamevalishwa sare, kila mmoja akimkataza mwenziwe kupumua. Keki yake ilikuwa ndani ya oveni ya nne, naye amegeuka akikoroga krimu mezani. Kioo cha oveni kilikuwa kinarudisha mwanga wa taa, picha haionekani. Mwongozaji wa wakati ule, mtu wa haraka, akamwambia mpiga picha afungue mlango kidogo. Akaufungua. Baba Pacha alipogeuka, keki ilikuwa imekwisha kulala.

Hakujua kilichotokea. Nilikuwa nimembandika kipaza sauti shatini, nikamsikia akijilaumu kwa mnong'ono, kwamba huenda alisahau yai, kwamba huenda alikoroga kupita kiasi. Mtu mzima anaomba radhi kwa kosa la mwingine, na watoto wake wanamtazama. Sitasahau.

Majaji walikuwa wameshaitwa. Bi Mlango akatoka sinki, mikono bado inadondosha maji, akapita mbele ya kamera zote alizozikimbia maisha yake yote, akasimama kati ya keki na meza ya majaji.

"Keki hii si ya huyu baba," alisema. "Ni ya aliyefungua mlango. Mpeni unga mwingine aoke yake, ndipo mumhukumu."

Mwongozaji alimwambia muda umekwisha, arudi kwenye sufuria zake au akatafute kazi kwingine. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya oveni ya nne, akakaa na kukunja mikono. Alikuwa na watoto watatu shuleni na hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia, na hilo sote tulilijua. Kimya kile nilikirekodi na ninacho mpaka leo. Kina mngurumo wa friji na tone moja moja la maji kutoka mikononi mwake. Hatimaye jaji mkuu akaweka uma chini, akasema yeye hataonja. Wa pili naye akaweka wake. Mwongozaji akatazama saa, akatazama kiti, akaagiza unga uletwe.

Baba Pacha akaoka upya. Keki ilipanda vizuri, ikatoka na rangi nzuri, na ilipokatwa ikaonekana kavu. Alikuwa ameiacha motoni kupita kiasi, kwa woga, mwenyewe. Majaji walionja, wakashauriana, wakamtoa.

Mwongozaji alicheka, akasema purukushani yote ile imekuwa ya bure. Nami, nikiwa bado kijana mgeni kazini wakati huo, nilikaribia kukubaliana naye. Kisha nikamsikia Baba Pacha, kipaza sauti kikiwa bado shatini, akienda hadi sinki kumshika Bi Mlango mkono.

"Asante, mama," alisema. "Sasa nimeshindwa mwenyewe."

Bi Mlango aligeukia sinki akasugua trei moja ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi, akaisugua, akaisugua. Ndipo wale waliokuwapo msimu wa kwanza walipotueleza habari ya keki iliyobonyea, nasi tukaelewa alichokuwa amekitetea. Yeye hakuwahi kupewa hata nafasi ya kushindwa.

Tangu siku hiyo kila oveni yetu ina taa ndani, vioo hufutwa kwa kitambaa kabla ya kila kipindi, na anayefungua mlango ni mwokaji mwenyewe tu. Wengine walianza kumwita Bi Mlango kwa dhihaka. Dhihaka ikageuka cheo. Mwongozaji yule alihamia vipindi vya michezo, ambako milango haina madhara.

Mwaka jana, mambo ya kustaafu yalipoanza kuzungumzwa, wengi tulifikiria zawadi. Yeye alikwenda ofisini kuuliza swali moja tu: lini hasa ataacha kuwa mfanyakazi? Alipojibiwa kwamba ni usiku wa tarehe 30 Juni, akauliza mchujo ni lini. Kulikuwa na manung'uniko. Walionung'unika walisema anazijua oveni kuliko mtu yeyote. Alikubali mara moja. Akaomba oveni yake ipatikane kwa kura, majaji waonje bila kumwona aliyeoka, na keki za majaribio za msimu huu zipikwe na mrithi wake, yeye akiwa nyumbani. Hoja zikaisha, manung'uniko yakakosa pa kushika.

Nyumbani kwake, tunaambiwa, hali ni tete. Oveni yake imeinama upande mmoja, na kwa miaka mingi keki zake zimekuwa na mlima na bonde, upande wa bonde ukigeuziwa ukutani wageni wakija. Miezi hii mumewe, fundi baiskeli, ameitia kabari za mpira wa tairi hadi ikanyooka. Anasema ameoa mke mmoja lakini anakula keki ya mayai kama mwenye wake wanne, asubuhi, mchana na jioni, na akipendekeza wali anaulizwa kama hamtakii mema mkewe. Asiyekubali kushindwa si mshindani, anamkumbusha, kwa kinywa kilichojaa. Mkewe humjibu kwamba kushindwa anakukubali sana. Anachotaka ni kufikishwa huko na mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo, Bi Mlango, ahsante. Ahsante kwa trei zilizosuguliwa, kwa mikate iliyolia, kwa kufokea wakubwa na wadogo kwa sauti ile ile. Ahsante kwa kukaa kwenye kiti kile wakati sisi wengine tulikuwa tumesimama na kunyamaza. Mimi nilikuwa mmojawapo, na nilikuwa na vipaza sauti vyote. Tutakukosa, na tunalisema bila haya.

Jumatatu ukiingia kwa mlango wa mbele hatutakupungia mkono wala kukukonyeza. Utakuwa mshiriki kama washiriki wengine, na hivyo ndivyo ulivyotufundisha. Tunakuombea umri mrefu, mkono mwepesi na moto usioyumba. Ukishinda, ushinde mwenyewe. Ukishindwa, ushindwe mwenyewe. Nitakuwa nimesimama karibu na oveni yako, yoyote itakayokuangukia kwenye kura, na mlango wake hataufungua mtu ila wewe.