Kobe na Twiga Siku ya Harusi

Kisa hiki alikisimulia kwanza bibi harusi mwenyewe, jikoni kwake, mwaka mwanawe wa pili alipoanza shule. Siku mbili kabla ya harusi, benchi la nje ya duka la Mshonaji lilikuwa na watu wake wale wale na birika lao la kahawa. Mshonaji, mjomba wa bibi harusi, alikuwa na gari dogo la mviringo aliloliita Kobe. Kinyozi, jirani yake ukuta kwa ukuta, alikuwa na gari refu la zamani, Twiga. Redio, tarishi mstaafu, hakuwa hata na baiskeli, ila hakupungukiwa na maoni. Tangu mpwa wake akiwa darasa la kwanza, Mshonaji alikuwa amemwahidi kumpeleka harusini kwa Kobe. Sasa Kinyozi alikuwa analeta maneno.

— Bibi harusi ndani ya Kobe? Gauni ataliweka wapi?

— Gauni nimelishona mimi. Nimelipimia kiti cha Kobe.

— Na kilima je? Twiga anakipanda kwa gia ya tatu, watu saba ndani.

— Akifika juu anachemka kama birika hili. Kobe hajui rejeta, anapozwa na upepo wa bure.

— Bure! Juzi si ulishinda chini yake ukirekebisha vali?

— Kwa spana moja na bisibisi. Wewe spea za Twiga unazingoja kama mgeni wa meli.

Redio akameza kahawa.

— Mnajua kwa nini injini ya Kobe iko nyuma? Isione barabara. Ingeyaona yale mashimo, ingegoma.

— Redio, kunywa kahawa, akasema Mshonaji.

— Na Twiga anakula mafuta kwa ule urefu. Mafuta yanachoka njiani, mengine yanarudi kwenye tangi kulala.

Kinyozi alicheka. Mshonaji hakucheka, maana dada yake, mama wa bibi harusi, alishaanza kumsifu Twiga kwa nafasi.

— Basi yashindane kesho, akasema Redio. Mpaka kilimani na kurudi. Mshindi ambebe bibi harusi.

— Kesho nina wateja, akasema Kinyozi upesi.

— Na mimi nina pindo la gauni.

Ndipo mpwa akafika kulijaribu gauni lake.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Mjomba, mbona tangu utotoni sijayaona magari haya yakitembea yote mawili siku moja?

Mshonaji akachungulia kikombe chake, kikavu. Angemwambiaje kwamba betri ya magari yote mawili ilikuwa moja, na kwamba kwa miaka yote yeye na Kinyozi waliipokezana, ikipita kutoka duka hadi duka imefunikwa taulo la kunyolea?

Kinyozi akakohoa.

— Utakwenda kwa Kobe, mwanangu. Utarudi kwa Twiga.

Ikawa hivyo. Katika picha za ukumbini mjomba na Kinyozi hawaonekani. Walikuwa nje, taulo juu ya suti, wakihamisha betri.

Mshonaji ametutoka, na Redio pia. Kinyozi yu hai, na bibi harusi yu hai. Kobe yuko kwa bibi harusi, Twiga bado kwa Kinyozi. Betri ilishabadilishwa mara nyingi, lakini mpaka leo ni moja.