Delbert Stambaugh, Aliyekataa Kumimina kwa Pembe

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Oktoba, Delbert Stambaugh anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kushindilia magobore katika ngome yetu ya makumbusho hapa Kettle Ridge, Pennsylvania. Ofisi imeniomba maneno matamu. Nitajaribu, ingawa mke wangu anasema hata kadi za harusi naziandika kama hati za mashtaka.

Delbert aliajiriwa kuziba mapaa. Mshindiliaji wetu wa zamani alipoumia mgongo, yeye akavishwa koti la ngozi lililombana tumbo, na hakulivua tena. Ametufundisha sote. Mwenzetu Curtis Boyer aliposhindilia risasi akasahau baruti, Delbert alimvika risasi shingoni mbele ya wageni, kama ilivyo desturi yetu. "Hiyo si bunduki tena, mdogo wangu. Ni mwiko wa jikoni."

Ila yapo mawili asiyoyafanyia mzaha. Bunduki ikishalia, mtutu unafutwa ndani kwa kitambaa chenye maji, maana cheche inaweza kubaki chini. Na baruti haimiminwi mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe inamotunzwa. Inapitia kipimo kidogo cha shaba, pembe ikiwa imezibwa na kuwekwa mbali. Kipimo kikiwaka, unaungua. Pembe nzima ikiwaka, mkono unakwenda nayo. Mkono wa binamu yake, Lester, ulikwenda hivyo, Delbert akiangalia.

Kiangazi hiki meneja wetu mpya, Bi. Marlene Tuttle, alileta mpiga picha wa kalenda. Bi. Tuttle akataka Delbert amimine kwa pembe, mtutu ungali unafuka moshi, kwa kuwa kipimo hakipendezi pichani.

"Mama, pigeni picha uso wangu," Delbert akamwambia. "Nao unatisha vya kutosha."

"Mara moja tu, Delbert. Watu wa zamani si walifanya hivyo?"

"Walifanya. Ndiyo maana wengine walipunga kwa mkono mmoja."

Bi. Tuttle hakucheka. Alimpa Curtis ile pembe. Curtis akaitazama, akaiweka chini.

Wiki iliyofuata likabandikwa tangazo kwamba Delbert, aliyepanga kuondoka baada ya miaka miwili, "anakwenda kupumzika." Apumzike nini? Hajachoka. Amechokwa. Nimekasirika, na sioni haya kuliandika hilo kwenye karatasi yenye maua pembeni.

Halafu Jumatatu tukaambiwa baruti ya milio ya kumuaga itamiminwa kwa pembe, ili picha ipatikane hatimaye. Yaani mtu aagwe kwa kitu kilekile alichofukuziwa! Sisi washindiliaji sita tukaenda ofisini. Curtis alisema kwa niaba yetu. Mimi nilishika kofia yake, kazi niliyoiweza.

"Kwa kipimo, au hatupigi."

"Basi msipige," akajibu Bi. Tuttle.

Kwa hiyo wageni wetu, Ijumaa hamtasikia mlio. Msidhani tumesahau. Tutasimama uwanjani na magobore matupu mabegani, na msimu ujao yeyote atakayetupa pembe tumimine atatukuta tumekaa.

Ndugu yetu Delbert, asante. Nenda salama kwa mkeo Wanda na mizinga yenu ya nyuki, ule vizuri, ulale hadi jua liwe juu. Ubishi wako tumeshaupokea. Sisi sita tunakupungia kwa vidole sitini, vyote vizima, na hiyo ni kazi yako.