Mzee Kornelio, Aliyewaachia Kwale Nyasi

Wapendwa waombolezaji, mzee wetu Kornelio Dismas alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Pande, wilayani Kilwa, mtoto pekee wa mzee Dismas na mama Magdalena, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini hadi mwaka 1973, kisha akashika jembe, na kila kiangazi akitega kwale na kanga, kazi iliyoilisha nyumba yake.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Fortunata, wakajaliwa binti mmoja, Grace. Mama Grace alitutoka mwaka 2015, binti akiwa ameshaolewa Mtama, na mzee akabaki na sufuria moja na kikombe kimoja.

Miaka hiyo mbuga ililimwa ufuta, na kilichobaki kikachomwa moto kila mwaka, viota vikiungua pamoja na mayai, mpaka kukawa kunakucha bila mlio wa kwale. Jambo hilo lilimuuma mzee, akaacha mitego, akaliachia shamba lake liote nyasi ili ndege wapate pa kutagia. Majirani walilalamika kwamba anafuga nyoka na nguruwe pori, wakapunguza kumpitia, naye akazoea kula bila wa kumkaribisha.

Masika ya mwaka 2024 mvua ilizidi, maji yakazoa viota vya kwale wachache waliokuwa wameanza kurudi, vifaranga wakafa kwa baridi, naye akampigia Grace simu akasema, "Mwanangu, huku nimebaki mimi na nyasi tu." Grace alimsihi ahamie Mtama, akakataa.

Mwezi Mei 2025 kifua kilimbana, na jirani yake Iddi, ambaye walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya nyasi zile, ndiye aliyempakia kwenye bodaboda hadi hospitali. Mwaka huo mvua ilikuwa ya kiasi. Siku moja Iddi alifika wodini akasema, "Shikamoo mzee, kwale wametotoa shambani kwako."

"Marahaba. Ni wengi?"

"Sikuweza kuwahesabu, walikimbilia nyasini."

Mzee alilia, akamshika Iddi mkono, hakuuachia mpaka muda wa kuona wagonjwa ulipokwisha. Alifariki tarehe 9 Juni 2025.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wanajumuiya, wakulima wenzake, na majirani wote, waliokuja mapema na waliochelewa.

Baba, safari yako imekwisha, pumzika sasa kwa amani ya Bwana.